UZI: Kazi ya mhariri wa jarida la siasa huku Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya. Hatua, hesabu na mitego

#1 KalamuYaKondele

Nafungua uzi huu kwa wanaotaka uhariri wa jarida la siasa uwe kazi ya maisha, hasa walio Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Busia. Msimu wa uchaguzi ukikaribia majarida huchipuka kama uyoga, na mengi hunyauka kabla msomaji hajazoea jina. Mara nyingi yanauawa na mhariri aliyejua kuandika lakini hakujua kusoma ripoti ya hesabu za kaunti, hakujua sheria ya kashfa (kumchafulia mtu jina), na hakuwahi kukanyaga kiwanda cha chapa. Hayo matatu ndiyo kazi yenyewe. Maneno matamu ataleta mwandishi.

Ngazi ni hizi: ripota wa kaunti (bunge la kaunti, mahakama, mikutano ya hadhara), mhariri msaidizi, mhariri wa sehemu, mhariri mkuu. Wengi wanataka kuruka dawati la wahariri wasaidizi kwa sababu jina lako halitokei popote. Usiliruke. Miaka miwili pale inakufundisha kupunguza makala ya maneno 1,400 hadi 850 bila kuua jibu la mtu anayelaumiwa, kupiga upya kila asilimia iliyoandikwa na ripota, na kugundua kwamba aya ya tatu na ya kumi na moja zinapingana.

Shahada si lazima iwe ya uanahabari. Maseno, Masinde Muliro, Rongo na Kabarak zote zinafundisha mawasiliano na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini aliyesomea sheria, uchumi au uhasibu akijua kuandika ana nusu ya safari mkononi. Hilary Ng'weno, aliyeanzisha The Weekly Review mwaka 1975 na kuliendesha hadi 1999, alisomea fizikia Harvard. Chukueni matoleo ya zamani maktabani muone jinsi jarida lile lilivyojengwa: nani alikutana na nani, lini, kura zilikuwa ngapi, nani alihama kambi. Ukimaliza ukurasa unajua jambo ambalo hukulijua. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wahariri wachanga hadi leo.

Ulizeni, wengine wajazie.

#2 NyotaYaLanet

Shukrani kaka Kalamu. Umetaja ripoti za kaunti. Ni zipi hasa, na zinatoka lini? Wengi tunangoja mwanasiasa atusomee kwenye mkutano.

#3 KalamuYaKondele

Hapo ndipo makosa yanapoanzia, dada. Mwanasiasa atakusomea mstari mmoja wenye faida kwake. Weka kalenda ukutani:

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. 30 Juni, sheria ya matumizi iwe imepita. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka, kaunti zote 47 katika kitabu kimoja. Mkaguzi Mkuu, kwa Katiba, anatakiwa amalize ukaguzi ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia 31 Desemba. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Hilo lisome wewe mwenyewe, usimtume mwanafunzi wa mafunzo. Uteuzi, kufutwa kwa uteuzi, hati za ardhi zilizopotea, kamati mpya, vyote vinapita pale kabla havijafika kwenye jukwaa.

Sasa mtego. Katika hesabu za kaunti kuna pesa za aina nne ambazo waandishi huzichanganya: zilizotengwa, zilizotolewa na hazina, zilizotumika, na madeni ambayo hayajalipwa. Tuseme soko limetengewa milioni 120, hazina ikatoa 70, kaunti ikatumia 55, na mkandarasi anadai 40. Ukiandika "soko la milioni 120 halijakamilika, pesa zimeenda wapi?" umeuliza swali la uongo. Milioni 50 kati ya hizo hazikuwahi kufika kaunti. Swali la kweli ni kwa nini milioni 15 zilizofika hazikutumika ilhali mkandarasi anadai 40. Hiyo ndiyo habari ya jalada, na hakuna gavana atakayeweza kukwambia umetumwa na wapinzani.

Jingine ni aina za maoni ya mkaguzi. Ziko nne: maoni safi, maoni yenye kasoro, maoni hasi, na kukataa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Kaunti ikipata "yenye kasoro", afisa wa habari atakwambia "tumepita ukaguzi". Hawajapita. Fungua uone misingi ya kasoro, moja baada ya nyingine, unakili namba ya aya.

#4 MwalimuMaseno

Niongeze upande wa lugha, maana majarida ya Kiswahili yanapata taabu kubwa hapa kuliko ya Kiingereza. Ripoti ikisema matumizi hayakuungwa mkono na stakabadhi, mwandishi anatafsiri "yaliporwa". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Tazameni sentensi hii kama inavyofika dawatini:

*"Gavana alipora shilingi milioni 86 za soko, kulingana na ripoti ya Mkaguzi Mkuu."*

Na inavyopaswa kuondoka:

*"Mkaguzi Mkuu anasema serikali ya kaunti haikumpa stakabadhi za shilingi milioni 86 ambazo vitabu vyake vinaonyesha zilitumika kujenga soko."*

Angalieni kilichobadilika. Gavana ametoka, kwa sababu ripoti inataja serikali ya kaunti na afisa mhasibu, haimtaji yeye. "Alipora" imetoka, kwa sababu mkaguzi hakusema hivyo. "Kulingana na" imetoka pia, kwa sababu ilikuwa inambebesha mkaguzi neno la mwandishi. Iliyobaki inauma zaidi, kwa kuwa haina mlango wa kutokea.

Kila dawati liwe na orodha ya maneno yake, ukurasa mmoja, iliyobandikwa ukutani. Kukamatwa, kufikishwa mahakamani, kushtakiwa, kupatikana na hatia, kuhukumiwa: kila moja lina siku yake. Wanahabari wengi huandika "amehukumiwa" wakimaanisha amesomewa mashtaka. Mshukiwa ni yule anayechunguzwa, mshtakiwa ni aliyesomewa mashtaka, mfungwa ni aliyefungwa. "Ufisadi" ni neno la mashtaka, "ubadhirifu" ni la kulaumu, "hitilafu ya hesabu" ni la mkaguzi. Msiyabadilishane kwa sababu mmechoka kurudia neno moja. Kurudia neno sahihi si dhambi.

#5 Wakili_Lurambi

Mwalimu amegusa penye bei. Wacha niwape hesabu yenyewe.

Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, kifungu cha 16A: ukimsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, fidia haiwezi kuwa chini ya shilingi 400,000. Kama kosa hilo adhabu yake ni kifo, fidia isipungue 1,000,000. Hiyo ni sakafu. Mahakama hupanda juu kadiri inavyoona inafaa, na gharama za kesi ziko kando.

Wizi wa kawaida katika Kanuni ya Adhabu ni miaka 3. Wizi wa mtumishi wa umma ni 7. Kwa hiyo neno "aliiba", likiandikwa juu ya afisa wa kaunti bila ushahidi, lina bei ya chini ya 400,000 kabla hakimu hajasikiliza machungu ya mlalamishi. Jarida linalouza nakala elfu moja haliwezi kulibeba neno hilo.

Kuhusu muda: kesi ya kashfa inafunguliwa ndani ya miezi 12. Daftari za ripota, sauti zilizorekodiwa na barua pepe zisifutwe kabla ya hapo. Mimi nashauri miaka 3.

Kashfa ya jinai, yaani kifungu cha 194 kilichokuwa kinapeleka watu jela, Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba Februari 2017. Afisa akikutishia nacho, mjibu kwa adabu na umtajie mwaka.

#6 NyotaYaLanet

Wakili, na tukiandika "inadaiwa"? Karibu kila habari ina neno hilo.

#7 Wakili_Lurambi

Halikingi chochote, dada yangu. Anayerudia kashfa ya mwenzake anahesabiwa kama aliyeisema. "Inadaiwa gavana aliiba" mbele ya mahakama ni sawa na "gavana aliiba", na wewe ndiwe utakayetakiwa kuthibitisha wizi, si kuthibitisha kwamba kulikuwa na madai.

Kinga zilizopo ni ukweli unaoweza kuuthibitisha kwa karatasi au shahidi atakayekubali kuja. Maoni ya haki yaliyojengwa juu ya mambo ya kweli yaliyotajwa katika makala hiyo hiyo. Na ripoti sahihi isiyopendelea ya yaliyosemwa bungeni au mahakamani. Hii ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Mwakilishi wa wadi akisema jambo ndani ya ukumbi wa bunge la kaunti, kikao kikiendelea, unaweza kuliripoti. Akitoka nje akalirudia kwenye maikrofoni pale mlangoni, au Jumamosi kwenye matanga, kinga imebaki ukumbini. Ripota aandike daima: lilisemwa wapi, saa ngapi, kikao cha asubuhi au cha alasiri. Kumbukumbu rasmi za bunge zikichelewa, rekodi sauti kutoka sehemu ya wageni ndani ya ukumbi.

Na msifikiri kutotaja jina kunawaokoa. Kamati kuu ya kaunti, yaani mawaziri wake, haizidi wajumbe 10 mbali na gavana na naibu wake. Ukiandika "mmoja wa mawaziri wa kaunti anayetoka kaskazini", wanaotoka kaskazini wakiwa wawili, wote wawili wanaweza kukushtaki.

#8 KalamuYaKondele

Asante sana Wakili. Hapo ndipo linapokuja suala la kumpa mtu nafasi ya kujibu, na hili lifanywe kwa utaratibu mmoja kila mara.

Andika maswali, usipige simu tu. Kila tuhuma iwe swali lake lenye namba, likitaja tarehe, kiasi na waraka. Peleka kwa barua pepe ya ofisi, na nakala kwa karani wa mapokezi anayepiga muhuri. Mpe saa 48 angalau kwa jarida la wiki, siku 5 kwa la mwezi. Akijibu, jibu lake liingie kabla ya nusu ya makala, lisifichwe mwisho. Asipojibu, usiandike "hakupatikana kuzungumzia suala hilo", maana sentensi hiyo imechakaa na mahakama inaijua. Andika: "Maswali sita yalifikishwa ofisini kwake Jumanne tarehe 4 na kupigwa muhuri. Hadi tunapeleka jarida kiwandani Jumatatu tarehe 10, hakuna jibu lililokuwa limefika."

Kuhakiki nako kuna mbinu yake. Chapisha makala kwenye karatasi, nafasi pana kati ya mistari. Penseli nyekundu ipige mstari chini ya kila jina, cheo, namba, tarehe na nukuu. Pembeni weka alama ya chanzo: M ya Mkaguzi na namba ya aya, K ya kumbukumbu za bunge na tarehe, S ya sauti na dakika yenyewe, B ya barua. Makala ya maneno 850 huzaa alama kama 50, na kazi nzima ni saa mbili hadi tatu. Alama isiyo na herufi pembeni, sentensi inatoka. Hakuna mjadala, hata kama ndiyo sentensi tamu kuliko zote. Mwandishi asihakiki kazi yake mwenyewe.

#9 MwalimuMaseno

Majina! Ongeza kwenye penseli hiyo majina na mahali, kwa sababu eneo letu lina mitego yake.

Bunyala iko Busia, upande wa Budalang'i, na Bunyala nyingine iko Kakamega, ndani ya Navakholo, yenye wadi za Mashariki, Kati na Magharibi. Mwandishi wa Nairobi huzichanganya, na wa huku pia. Maseno yenyewe inazozaniwa na Kisumu na Vihiga, kwa hiyo ukiandika "Maseno, Kaunti ya Kisumu" katika habari ya mpaka tayari umeshachagua upande. Kisumu ya Kati ni eneo bunge, jiji la Kisumu ni kitu kingine. Nakuru Mjini Mashariki na Magharibi ni maeneo bunge mawili, na Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Kisumu ina maeneo bunge 7 na wadi 35, Nakuru 11 na 55, Kakamega 12 na 60. Mhariri azijue kichwani.

Ng'weno, Wetang'ula, Budalang'i: alama ile ya ng' isigeuzwe na kompyuta ikawa alama ya kufungua nukuu. Katika jina la mtu hiyo ni dharau, na wenye majina wanaiona.

#10 ChapaKibuye

Upande wa kiwandani sasa. Wahariri hutuletea kazi saa nne usiku halafu wanashangaa rangi.

Kurasa. Jarida la kushonwa kwa pini mgongoni lazima kurasa zigawanyike kwa 4, na mashine kubwa hupenda 16. Ukija na kurasa 28 za ndani, napasua 16 + 8 + 4, yaani naandaa mashine mara tatu. Ukija na 32 za ndani naiandaa mara mbili za 16. Kurasa 4 za ziada zinaweza kukugharimu kidogo sana kuliko ulivyodhani. Panga 32 za ndani na jalada la kurasa 4, jumla 36.

Karatasi. Ndani gramu 80, jalada gramu 170 ya kung'aa. Nakala moja ya A4 itakuwa na gramu kama 101. Nakala 2,000 ni kilo 202. Bando la 50 ni kilo 5, ndilo utingo wa matatu atalipokea bila maneno.

Picha ziwe nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaotumika. Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa, mwombe mpiga picha aitume kama faili. Geuza rangi za skrini kuwa rangi nne za wino kabla ya kuleta, la sivyo bluu ya ziwa inatoka zambarau. Acha milimita 3 nje ya ukingo kwa ajili ya kisu, na maandishi yakae milimita 10 ndani. Maandishi madogo meusi yawe wino mweusi peke yake. Ukiyajenga kwa rangi nne, karatasi ikihama nusu milimita msomaji ataona kivuli kwenye kila herufi.

Nyuso. Hili linaniuma. Karatasi isiyong'aa hunywa wino, nukta zinavimba kwa asilimia 20 hivi. Uso mweusi uliopigwa chini ya hema kwenye mkutano wa Kakamega unatoka doa, macho hayaonekani. Inua mwanga wa kati wa uso kwanza, acha nguo na mandhari, kisha uniombe prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio. Usiamini skrini ya kompyuta.

Fonti zifungwe ndani ya PDF. Zisipofungwa, mashine yangu itaweka ya kwake, na kitu cha kwanza kupotea ni hiyo ng' ya Mwalimu.

Prufu ya mwisho isainiwe kila ukurasa na mtu mmoja. Wakija wawili, kila mmoja anadhani mwenzake amesoma jalada. Kosa la jalada ndilo linalopita mara nyingi zaidi, kwa sababu herufi ni kubwa mno na jicho linaziruka. Lisome kinyume, neno la mwisho kwanza.

#11 DawatiNakuru

Nizungumzie pesa, kwa kuwa hakuna aliyezitaja na ndizo zinazofunga mlango. Tuseme umechapa nakala 2,000 kwa shilingi 95 kila moja: 190,000. Bei ya jalada 200. Msambazaji na muuzaji wa mtaani wakichukua asilimia 35, wewe unabaki na 130. Ukiuza nakala 1,200, jambo ambalo si baya kwa jarida changa, unapata 156,000. Umepoteza 34,000 kabla hujalipa mwandishi wala nauli ya bando hata moja. Pengo hilo linazibwa na matangazo au wanaolipia mwaka mzima.

Na nakala 800 zilizorudi zihesabu mwenyewe kila mwezi, mji kwa mji. Muuzaji wa Kenyatta Avenue, Nakuru, akirudisha 40 kati ya 50, na wa Kakamega akamaliza siku ya pili, hamisha 30 mwezi unaofuata. Wengi hugawa kwa usawa miezi yote kisha wanalia.

Kuhusu matangazo, serikali za kaunti ndizo zenye bajeti kubwa huku kwetu. Zichukue, lakini uweke mkataba wa maandishi na oda rasmi kabla ya kuchapa.

#12 KalamuYaKondele

Hapo napingana nawe, omera. Tangazo la kaunti kwa jarida changa la siasa ni kitanzi. Kwanza malipo huchelewa, deni linaingia kwenye orodha ya madeni yale yale unayoyaandikia. Pili, siku utakapoandika juu ya soko la milioni 120, simu ya kwanza itatoka kwa ofisi ya mawasiliano ikikukumbusha kurasa zako mbili za tangazo. Majarida makubwa yaliwahi kubanwa hivyo, matangazo ya mashirika ya umma yakakatwa.

#13 DawatiNakuru

Nakubali hatari ipo, ndugu Kalamu. Lakini chama cha akiba na mikopo, hospitali binafsi na shule za bweni hawatangazi kwenye jarida la siasa bila kuona kwanza kwamba limedumu mwaka. Mwaka huo unaupitaje? Naona kiwango: mtangazaji yeyote asizidi asilimia 20 ya mapato ya toleo. Akiondoka, unaumia bila kufa. Na anayeuza matangazo asiketi kwenye kikao cha habari, wala asijue jalada kabla halijachapwa.

#14 KalamuYaKondele

Kiwango cha 20 nakikubali. Kwa kaunti ningeshuka hadi 10, na ukurasa wa tangazo usikabiliane na makala ya kaunti hiyo hiyo.

Kwenye pesa tuitaje na bahasha. Baada ya mkutano na wanahabari huja "nauli" au "ya chai". Kanuni za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari hazina utata: usipokee. Lakini mhariri anayemtuma ripota Bungoma bila nauli ndiye aliyemtengenezea bahasha. Toa nauli na chakula asubuhi, kwa saini, kabla hajaondoka. Kwa ripota anayelipwa kwa habari, lipa hata habari iliyofanyiwa kazi ikaangushwa na uhakiki, angalau nusu. Usipolipa, atakuletea zile tu zisizo na hatari.

#15 NyotaYaLanet

Waraka ukinyimwa je? Ofisi nyingi hukuambia "rudi wiki ijayo" hadi unachoka.

#16 Wakili_Lurambi

Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo wazi. Huhitaji kutoa sababu ya kutaka habari. Kuomba hakulipiwi, unalipa gharama ya kunakili tu. Wana siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakisema nyaraka ni nyingi wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Kama habari iko ofisi nyingine, waihamishie huko ndani ya siku 5. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua nyingi zinaanguka kwa sababu zinaomba "habari zote kuhusu soko". Omba kitu chenye jina: mkataba wa zabuni, vyeti vya malipo vya kazi, kumbukumbu za kamati ya tathmini, mwaka wa fedha fulani. Mlengwa ni afisa wa upatikanaji wa habari, ambaye kisheria ni mkuu wa taasisi hiyo. Haki hii ni ya raia, basi saini kwa jina lako na uweke nakala ya kitambulisho. Nakala yako ipigwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.

Mhariri mwenye mpango huwa na barua kama kumi zinazotembea kila wakati. Toleo la Novemba linaandikwa kwa barua za Septemba.

#17 KalamuYaKondele

Kuhusu uchaguzi nitakuwa mfupi, ila haya yaandikwe kwa sababu 10 Agosti 2027 haiko mbali.

Kura za maoni: Sheria ya 2012 inataka utaje aliyelipia, aliyeendesha, tarehe, idadi ya waliohojiwa, kiwango cha makosa na maswali yaliyoulizwa. Siku 5 za mwisho kabla ya uchaguzi usichapishe matokeo yake. Jarida la mwezi linalotoka 6 Agosti litakuwa limeingia ndani ya siku hizo. Toa mapema au ondoa ukurasa.

Na msisome kura ya nchi nzima kana kwamba ni ya Nyanza au Magharibi. Watu 1,000 wana kiwango cha makosa cha asilimia 3.1 juu na chini. Kati ya watu 2,000 wa nchi nzima, ukichomoa 250 wa eneo lenu, kiwango kinakuwa 6.2. Mgombea mwenye 46 na mwenye 40 hapo hamjui nani yuko mbele. Kichwa kisiseme "amempita".

Usiku wa matokeo jarida haliwezi kushindana na redio. Kazi yenu ni fomu. Kwa kura ya urais, 34A ni ya kituo, 34B ni ya eneo bunge. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliziweka 34A hadharani kwenye tovuti. Watu wanne, jedwali moja, eneo bunge moja kwa siku. Tafuteni kituo chenye kura nyingi kuliko waliosajiliwa, jumla isiyolingana na safu yake, fomu isiyo na saini ya mawakala. Mkiona tofauti, rudini kwenye picha ya fomu kabla ya kusema wizi, maana 1 na 7 za kalamu ya usiku hufanana. Kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya 14. Ya ubunge na ugavana ni siku 28 baada ya kutangazwa, na Mahakama Kuu ina miezi 6. Pangeni matoleo kwa tarehe hizo.

#18 NyotaYaLanet

La mwisho kwangu: usajili. Kuna aliyeniambia jina la biashara linatosha.

#19 Wakili_Lurambi

Halitoshi. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inataka jarida lisajiliwe kwa Msajili, na uweke dhamana ya shilingi 1,000,000 yenye wadhamini. Ilikuwa 10,000 hadi ilipopandishwa mwaka 2002. Huweki milioni taslimu. Ni hati ambayo mdhamini anakubali kuwajibika, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kampuni ya bima au benki itataka mali ya kushikilia. Anza kulishughulikia miezi mitatu kabla ya toleo la kwanza. Kila toleo, nakala mbili ziende kwa Msajili.

#20 ChapaKibuye

Na jina la mchapaji na anwani yake lazima liwe kwenye ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Wahariri hulisahau nalazimika kusimamisha mashine. Mjue pia kwa nini wachapaji tunauliza maswali kabla ya kupokea jarida la siasa. Mwaka 1987 Gitobu Imanyara alianzisha jarida la Nairobi Law Monthly, na 1990 likapigwa marufuku. Jarida la Beyond la Bedan Mbugua lilipigwa marufuku 1988 kwa kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo (wapiga kura kupanga foleni nyuma ya mgombea). Lakini 1993 polisi walienda kiwandani, Fotoform pale Nairobi, wakang'oa sehemu za mashine. Mwandishi alibaki na kalamu yake, mchapaji akabaki na chuma kisichozunguka. Kwa hiyo mhariri aje na nakala ya cheti cha usajili, barua ya wakili aliyesoma kurasa nzito, na namba ya simu ya mtu atakayejibu saa nane usiku. Nikiona neno ambalo Wakili amelitaja kwenye #5, "aliiba", nitapiga simu hiyo.